Nani Anaidhamini Benki?

Songeeni, wanangu, mkae pale ninapoweza kuziona nyuso zenu, na mlango uacheni wazi, kwa maana ninayotaka kusema si siri, na jirani akiyasikia atakuwa shahidi. Anselmo, niinue kidogo, niwekee mto mgongoni. Hivyo, inatosha. Padri alikuja asubuhi akanipaka mafuta, na yaliyokuwa yangu na Mungu tumeyamaliza kwa utulivu. Yaliyobaki ni yangu na nyinyi, na yangu na benki. Msicheke. Mtu anaweza kufa ana ugomvi na benki kama anavyokufa ana ugomvi na shemeji, na mimi ninayo magomvi yote mawili.

Nianze na vitu, kwa sababu vitu ni vyepesi. Shamba la Mbagala, mikorosho na ile minazi michache ya bondeni, ni la Polikarpo, mwanangu wa kwanza, aliyelilima pamoja nami angali akivaa kaptula ya shule, na ardhi hukumbuka jasho la mtu. Patasi na tezo za baba yenu ni za Anselmo, maana mkono wake na mpingo vinaelewana. Asiziuze hata akilala na njaa, aende kwanza akagonge kwa kaka yake. Muuza mkaa ananidai gunia moja, alipwe kabla jeneza halijatoka, nisipite mbele ya kibanda chake nimelala na deni. Kiti changu katika upatu, ambacho zamu yake haijafika, nampa mke wako, Polikarpo. Ndiyo, Avelina, ambaye umemkataza asiingie katika mambo ya wanawake wa Temeke. Sasa ameingia, na aliyemwingiza ni maiti, nenda ukagombane na maiti.

Nyumba hii ni ya Jovina.

Usikohoe, Polikarpo. Anselmo atakaa chumba cha uani mpaka ajenge chake, na wewe mlango wako hapa haufungwi, lakini mwenye nyumba ni dada yenu, na sababu yake ni ndefu, ndiyo nataka kuisema nikiwa bado nina pumzi.

Baba yenu Leonardi alipofariki bandarini, mzigo ulipokatika kwenye winchi na kumwangukia, tulikuwa tumepanga chumba kimoja Keko, na wewe Jovina ulikuwa bado unanyonya. Baba yenu mdogo alifika kutoka Lindi udongo wa kaburi haujakauka, akakaa kwenye mkeka wangu akatamka kwamba mimi, nyinyi na kitanda ni mali ya kaka yake. Huko kwetu Masasi mtoto huhesabiwa upande wa mama, lakini yeye alikuwa amejifunza kuhesabu upande wenye faida. Nikamwambia, "Shemeji, kitanda chukua." Na kweli akakichukua, akakibeba kichwani mchana kweupe, na nyinyi mkamfuata mpaka njia panda mkidhani ni mchezo. Miaka mingi sikumsamehe kitanda kile. Leo nimemsamehe, ila akija mazikoni asizuiwe kulia, azuiwe kupanga.

Basi nikawa mjane, mgeni, Mkristo kati ya Waislamu, lafudhi yangu ya kusini ikichekwa sokoni, nikikaanga maandazi wakati wa vita, unga ukipatikana leo na kupotea kesho. Ndipo nilipokutana na huyu aliyekaa hapo mlangoni, Mauwa, mnayemwita mama mkubwa ingawa hamna damu naye. Mauwa ndiye aliyekuwa kijumbe wa upatu, yaani yeye ndiye aliyekusanya fungu la kila mwanamke kila Ijumaa na kumkabidhi lote yule ambaye zamu yake imefika. Hawakuwa na karatasi, hawakuwa na sanduku la chuma. Walikuwa na kanuni moja tu: mgeni haingii peke yake. Lazima mwenyeji mmoja amdhamini, na mgeni akishapokea fungu akatoroka, mdhamini ndiye anayebeba, hata kama ni kwa kuuza mlango wake.

Niliposimama mbele yao, mmoja akauliza, "Huyu mtu wa kusini nani anamjua?" Mauwa akasema, "Mie namjua kwa maandazi yake. Unga umepanda, kila mtu maandazi yake yamekuwa vifungo vya koti, yake hayajapungua. Namdhamini." Mwingine akamwuliza, "Na akikimbilia kwao Masasi?" Akajibu, "Basi nitakula maandazi ya hasara." Wakacheka, nikaingia. Mwanamke asiyejua hata jina la baba yangu aliweka nyumba yake juu ya neno langu, wanangu, na nyumba hii mliyokaa ndani yake imetoka katika neno lile, kwanza udongo na makuti, halafu madebe yaliyopasuliwa, halafu mabati. Siku ya kuandikisha kiwanja, karani wa serikali aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia, "Yuko makaburini, mwanangu, mwandikie barua aje." Akaniandikia kiwanja kwa jina langu, nadhani kwa kuogopa kwamba nitaendelea kusema.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Sasa, Jovina. Nilimpeleka shule ya masista kwa maandazi, na watu wakaniuliza msichana wa kazi gani mwenye vitabu. Amesoma hadi darasa la kumi, akaajiriwa katika benki ile ya mjini kupiga taipu na kuandika anwani juu ya bahasha, na yeye ndiye mwanamke Mwafrika pekee mle ndani asiyeshika ufagio. Kisha benki ikafungua dirisha la wateja Waafrika, kwa kuwa siku hizi hata Mzungu amegundua kwamba fedha ya Mwafrika nayo ina picha ya Malkia. Wakamwambia Jovina amfundishe kijana mmoja, Didas, namna ya kupokea na kuandika katika vitabu vya wateja. Akamfundisha. Didas alipokwisha kujua, wakamkalisha Didas dirishani, na Jovina wakamrudisha kwenye bahasha. Simchukii Didas. Alikuja hapa jioni moja na kilo ya sukari, akakaa pembeni ya kiti, akasema, "Shikamoo mama, mimi sikuomba," nami nikamwamini, kwa sababu mwizi haleti sukari.

Jovina alipouliza, akaambiwa keshia ni mtu wa kukaa na fedha, na kila anayekaa na fedha lazima awe na mdhamini mwenye mali, na kwa mwanamke mdhamini huyo awe mume, au baba, au kaka. Akapewa karatasi ya kujazwa. Nikasema, basi mambo ni mepesi, mali ipo. Nikavaa kanga zangu za Pasaka, nikaenda mwenyewe, na ugonjwa huu ulikuwa umeshaanza kunila mbavu. Meneja alinipokea vizuri. Alinipa kiti, akaniagizia maji, na karani Mgoa akasimama kati yetu kutafsiri. Nikasema nina nyumba Temeke, naiweka dhamana kwa ajili ya binti yangu. Wakasemezana. Karani akageuka: "Mama, bwana anasema asante, lakini dhamana ya mwanamke benki haiwezi kuipokea." Nikamwambia, "Mwambie bwana nyumba yangu ina ukuta, ina mlango, ina bati. Alitaka iwe na ndevu?" Yule karani sijui alitafsiri nini, maana meneja alitabasamu kama mtu aliyeambiwa habari za mvua. Kisha akauliza Jovina ataolewa lini, kwa kuwa binti akiolewa huacha kazi, na kumfundisha ni hasara. Nikasema, "Mwulize yeye alipooa aliacha kazi?" Hilo nina hakika alilitafsiri, kwa sababu chai aliyokuwa akinywa ilimpalia bwana.

Si mtu mbaya yule. Nimelala hapa wiki nyingi nikimfikiri, na sioni ubaya wake. Mambo mengine mabaya hayana mtu mbaya ndani yake. Ni kama nyumba iliyojengwa na mlango mfupi, kila anayeingia anainama, vizazi vinapita, mpaka watu wanadhani kuinama ndiyo adabu, na anayetaka kuinua kizingiti anaitwa mtovu wa heshima. Mimi ni mtovu wa heshima. Liandikeni msalabani mkitaka.

Nikarudi, na kwa kuwa Anselmo hana mali, nikakuita wewe, Polikarpo, karani wa forodhani, mwenye suruali iliyopigwa pasi, nikakuomba utie sahihi. Ulisema nini? Ulisema, "Mama, siku shilingi ikipungua nitauza kitanda?" Ukasema, "Na wenzangu watasema dada yangu anapokea wanaume dirishani kutwa nzima." Sikukulaumu siku ile, wala leo sikulaumu. Ulimwona kwa macho yako karani mwenzako aliyemdhamini binamu yake, wakamng'olea hadi milango, watoto wakalala na mbwa wakipita ndani. Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini nililia, mwanangu. Nililia mpaka Mauwa akaja, nikamweleza, akaenda zake, nikajua anapika kitu.

Ndipo benki ilipokuja yenyewe Temeke. Mliliona gari. Meneja na karani wake walikuja sokoni siku ya Ijumaa, siku ya upatu, kwa sababu wamesikia kuna fedha inayozunguka mikononi mwa wanawake bila kupita dirishani kwao. Nilibebwa kwenye kiti na Anselmo kwenda kusikiliza. Karani akasimama juu ya sanduku la soda akasema, "Akina mama, msifukie fedha zenu chini, msizitie kwenye mito. Leteni benki." Mwanamke mmoja, muuza dagaa, akamjibu, "Ya kwenye mto nikigeuka naisikia. Ya kwako nitaisikiaje?" Watu wakaangua kicheko. Mauwa akainuka, na bangili zake zile zikilia, akangoja kicheko kiishe.

"Bwana, karibuni," akasema. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na leo tunawapa jembe. Huku kwetu mgeni haingii upatuni peke yake. Lazima awe na mdhamini tunayemjua. Sasa tuambieni, nani anaidhamini benki?"

Karani akasema, "Mama, benki ina mtaji mkubwa London."

"Huyo London anakaa mtaa gani?"

"London ni mji, mama."

"Basi mji hauna mlango wa kugonga. Mie nikimdhamini mtu, akikimbia, hawa wanajua pa kunikuta, wananigongea usiku wa manane. Sisi tunaye mmoja kwenu tunayemjua. Mnamfungia ndani anapiga taipu. Mkalisheni dirishani, tutaleta upatu wote, wa Temeke na wa Keko, kwa kuwa fedha zikipotea tunajua kwa mama yake. Yule pale kwenye kiti. Mpaka siku hiyo fedha zetu zitalala kwenye mito na ndoto zetu."

Nimeishi kuuona mwezi ukipatwa, nimeiona vita, nimemwona Leonardi akichonga uso wa mama yake kutoka kwenye kipande cha gogo. Lakini sijaona kitu kama uso wa meneja yule alipokuwa akitafsiriwa. Hakukasirika. Alimtazama Mauwa kwa muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa swali ambalo yeye amezoea kuwauliza wengine. Baada ya siku chache ikaja habari: Jumatatu hii asubuhi Jovina afike ofisini kwake na mdhamini, atasikilizwa. Karani Mgoa ndiye aliyeleta habari mwenyewe, na alipokuwa anatoka akaniinamia akasema kwa sauti ndogo, "Iwe kaka yake, mama. Iwe kaka, mambo yawe mepesi." Naye si mbaya. Amenitakia mema kwa namna anayoijua.

Na jana asubuhi, Polikarpo, ulikuja umenyoa, una kalamu kwenye mfuko wa shati, ukapiga magoti hapa kitandani ukasema, "Mama, nimefikiri. Nipe karatasi nitie sahihi, upumzike kwa amani." Uliona sikukujibu. Ukadhani ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa, baba. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia nisikuvunje, kwa kuwa ninajua umepita wapi kufika pale, na ninajua hofu uliyoivuka. Mungu akulipe. Lakini sahihi yako siitaki tena.

Jovina, usigeuze uso ukutani. Jana usiku, baada ya mimi kukudokeza haya, ulinisema, nami sikuwa nimelala. Ulisema, "Mama anakufa na ubishi wake, mimi ndiye nitakayebaki kwenye bahasha." Ni kweli unaweza kubaki. Sitakudanganya nikiwa kwenye kitanda hiki. Polikarpo akitia sahihi, Jumatatu saa nne uko dirishani, na mimi kule niendako nitafurahi kama mama yeyote. Ila nisikilize.

Kuna yule mtoto Felicitas, wa nyumba ya tatu, anayekuja jioni kukaa kwenye kibaraza chetu kukusikiliza ukisoma gazeti. Baba yake alikufa, kaka hana, mama yake anasuka ukili. Anasoma vizuri kuliko ulivyosoma wewe. Kaka yako akitia sahihi, mlango utafunguka ukapita wewe, na nyuma yako utafungwa palepale, na kizingiti kitakuwa kifupi vilevile, na siku Felicitas atakapofika watamwambia, "Jovina alikuwa na kaka. Wako yuko wapi?" Utamjibu nini mtoto yule? Lakini Mauwa, naye ameshakubali, akiingia na wewe, na nyumba yake ya mabati ikasimama dhamana, na meneja akaipokea hata mara moja tu, hata kwa kununa, basi dhamana ya mwanamke imepokewa, na jambo lililofanyika halirudi tumboni. Kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali, wanangu. Mimi nilifunikwa na kivuli cha mwanamke nisiyemjua. Nimetaka wewe pia uwe kivuli, siyo mtu wa kukaa kivulini tu.

Hata hivyo sikuamuru. Vitu nimevigawa kwa amri, lakini hili si kitu. Ile karatasi, Anselmo, iko kwenye Biblia, mpe dada yako mkononi. Jovina, ni yako. Ukimpa Polikarpo, sitakulaani, wala kaburini sitageuka. Ukimpa mwingine, ujue unaweza kushindwa, na utashindwa mbele ya watu.

Nipeni... hapana, si maji. Niacheni nipumue.

Polikarpo. Kazi yako nimekuwekea nyingine, ngumu kuliko ya kalamu. Pumzi hii haifiki mbali. Mnaweza kunizika Jumapili. Watu watakuja, baba yenu mdogo atakuja, na watasema binti wa marehemu hatoki matangani, akae ndani afunike kichwa mpaka tanga livunjwe. Watasema Jumatatu haifai. Wewe ndiye mkubwa. Wewe ndiye utakayesimama pale mlangoni na kusema, "Mama ameagiza." Umfungulie dada yako. Uende nao mpaka mjini, yeye na Mauwa na wanawake wote watakaofuata, na wao wakiingia benki, wewe ukae nje. Nje, mwanangu. Usiingie hata wakikuita. Najua inauma mwanamume msomi kungoja nje. Mimi nimengoja nje miaka mingi, haiui.

Wasiniimbie nyimbo ndefu. Avelina apike maandazi, na yasiwe madogo.

Mwanga umepungua, au mmefunga dirisha? Halijafungwa? Basi ni mimi. Anselmo, nishike hapa. Mungu awape... awape mikono isiyotetemeka na milango mirefu. Mkipendana mtakuwa mmenizika vizuri. Mkigombana, gombaneni kwa sababu kubwa, msigombanie kitanda.

Jovina, umeinuka? Nasikia miguu, siwaoni. Karatasi umempa nani? Msiniambie. Nyamazeni, ngojeni... ngojeni nisikie.

Zile bangili.

Haya. Mleteeni wino, atie dole gumba.